James Henshall: Daktari aliyemtetea samaki aliyedharauliwa

Jua linapotua wakati wa kiangazi katika maziwa ya Marekani na joto la mchana kupungua, samaki aitwaye besi mweusi huondoka kwenye kina na vivuli alikojificha kutwa na kujongea ufuoni kutafuta windo. Huo ndio wakati ambapo mvuvi wa kujiburudisha hujitosa ziwani kwa mashua ndogo, ufito mwembamba mkononi na nzi bandia kwenye ncha ya mshipi.

Hii leo uvuvi huo una heshima kubwa. Hata hivyo, katikati ya karne ya 19 mtu aliyemsifu besi hangehesabiwa miongoni mwa wavuvi waungwana. Aliyechangia pakubwa kuibadilisha dhana hiyo hakuwa mvuvi wa riziki bali tabibu, Dkt James Alexander Henshall.

Henshall alizaliwa jijini Baltimore, Maryland, mnamo Februari 29, 1836, tarehe ambayo huonekana katika kalenda za miaka mirefu pekee. Baadaye alihamia Cincinnati, Ohio, akasomea utabibu na kuwahudumia wagonjwa huko na katika majimbo mengine, likiwemo Kentucky. Aliishi pia Oconomowoc, mji wa Wisconsin uliozungukwa na maziwa. Kila alikokwenda na mkoba wake wa dawa, ufito wa kuvulia haukuwa mbali.

Wakati huo Wamarekani walikuwa wamerithi mila za uvuvi kutoka Uingereza. Vitabu walivyovisoma vilitoka huko, na humo samaki wa kifahari walikuwa wawili tu: trauti na samoni. Besi, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini, hakuwa na nafasi katika vitabu hivyo. Fito zenyewe zilikuwa ndefu na nzito, nyingi zikiwa zimeundwa kwa ajili ya samaki wengine. Kwa hivyo samaki huyo alidharauliwa si kwa kuwa alipimwa akapatikana na upungufu, bali kwa kuwa hapakuwa na aliyejishughulisha kumpima.

Henshall alijitwika kazi hiyo. Mnamo 1881 alichapisha jijini Cincinnati kitabu kikubwa kuhusu besi mweusi, ambacho hadi leo huhesabiwa kuwa msingi wa fani hiyo. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa ya kisayansi, nyingine zikaeleza vifaa na mbinu za uvuvi. Alidai kwamba besi akishindanishwa na trauti wa uzito ule ule, hatashindwa kwa nguvu wala kwa ujasiri. Aidha, alibuni ufito mfupi na mwepesi wa takriban futi 8, uliomfaa samaki huyo. Mwaka wa 1889 alitoa kitabu cha nyongeza.

Suala la jina lilimshughulisha mno. Besi alikuwa na majina chungu nzima, kila eneo likimwita lilivyopenda, na wataalamu nao walikuwa wamezidisha utata. Jina la kisayansi Micropterus, lenye maana ya pezi dogo, lilitolewa na Mfaransa Lacépède mnamo 1802 kutokana na samaki mmoja ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limejeruhiwa. Jeraha la samaki mmoja likawa jina la ukoo mzima. Henshall aliueleza mkanganyiko huo, akasisitiza kuwatenganisha besi wa mdomo mdogo na besi wa mdomo mkubwa, ambaye taya lake hupita nyuma ya jicho.

Hoja yake nyingine ilihusu mazingira. Misitu ilikuwa ikikatwa, mabwawa ya viwanda yakiziba mito, na maji baridi na safi anayoyahitaji trauti yakizidi kuadimika. Henshall aliona mapema kwamba besi, anayevumilia maji yenye joto, ndiye angebaki kuwa tegemeo la wavuvi.

Mbali na hayo, alizuru Florida na kuchapisha habari za safari zake mnamo 1884. Wakati wa Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya 1893, alisimamia banda la uvuvi. Kisha mwaka wa 1897 aliteuliwa kukiongoza kituo cha serikali cha kuzalisha samaki huko Bozeman, Montana. Huko, mtetezi huyo wa besi alijikuta akiwalea trauti, na akapata sifa kwa kufanikiwa kumzalisha greilingi, samaki wa maji baridi ambaye uzalishaji wake ulikuwa mgumu. Mnamo 1909 alihamishiwa kituo cha Tupelo, Mississippi. Aliaga dunia mwaka wa 1925 akiwa na umri wa miaka 89.

Jina lake halikuzikwa naye. Limo katika nzi bandia maarufu anayetengenezwa kwa manyoya ya paa. Unywele wa mnyama huyo una uwazi ndani, hivyo chambo huelea juu ya maji na kufanana na mdudu au chura anayetapatapa. Usiku wavuvi wengi huchagua nzi wa rangi nyeusi, kwa kuwa samaki anayetazama kutoka chini hukiona kivuli chake dhidi ya anga. Besi pia huhisi mitikisiko ya maji kupitia mstari wa hisi ulio ubavuni mwake. Mvuvi naye hutegemea masikio zaidi kuliko macho, akisubiri mlio wa maji kupasuka gizani.

Hata hivyo, sifa za besi zilimpeleka mbali kuliko ilivyofaa. Mwaka ule ule ambao Henshall alifariki, besi wa mdomo mkubwa alipelekwa Japan na kuachiliwa katika Ziwa Ashi. Mnamo 1929 aliletwa Kenya, katika Ziwa Naivasha, ili wavuvi wa kujiburudisha, wengi wao walowezi, wapate mchezo. Baadaye aligeuka kitega uchumi, uvuvi wa kibiashara ulipoanza ziwani humo mwaka wa 1959.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Naivasha mwenyeji hakupona. Ziwa hilo lilikuwa na kisamaki kimoja cha asili ambacho hakikupatikana kwingineko duniani, mara ya mwisho kuonekana ikiwa mwaka wa 1962. Wataalamu wanahusisha kutoweka kwake na besi, ambaye humeza chochote kinachoingia kinywani mwake. Nchini Japan, sheria iliyoanza kutekelezwa mwaka wa 2005 ilimweka besi katika orodha ya viumbe wavamizi. Huku Naivasha, besi mwenyewe alikuja kufunikwa na mgeni mwingine, samaki aitwaye kapi, aliyeonekana ziwani humo tangu 2001.

Si haki kumlaumu Henshall kwa yaliyotendeka Naivasha miaka minne baada ya kifo chake. Lakini alikuwa mtu wa kizazi kilichoamini kwamba maji yasiyo na samaki wa kuvuliwa kwa ufito yamepungukiwa, na kwamba ni wajibu wa binadamu kuujaza upungufu huo. Vituo alivyovisimamia vilikuwepo kwa kazi hiyo hiyo ya kuzalisha samaki na kuwasambaza.

Urithi wake mwema ni kuwafunza watu kumchunguza kiumbe kabla ya kumhukumu. Aliona thamani katika samaki ambaye wengine walimpuuza kwa kufuata mkumbo, akamtetea kwa kalamu hadi dunia ikakubali. Kisamaki cha Naivasha nacho kilipuuzwa, kwani hakikuwa na ukubwa wa kumfurahisha mvuvi wala wa kumshibisha mlaji. Tofauti ni kwamba hakikupata Henshall wake, na kufikia wakati kilipoanza kutafutwa, kilikuwa kimekwisha kutoweka.