Herbert Strudwick: mlinda wiketi ambaye hesabu hazikumtosha

Wasomaji wetu waishio kusini mwa London wanaujua uwanja wa The Oval, kule Kennington, makao ya timu ya kriketi ya kaunti ya Surrey. Leo tunamkumbuka mtu aliyefanya kazi katika uwanja huo kwa zaidi ya nusu karne, Herbert Strudwick.

Alizaliwa Mitcham mwaka 1880, enzi hizo ikiwa kijiji cha Surrey. Leo ni sehemu ya jiji la London. Alianza kuichezea Surrey mwaka 1902 akiwa mlinda wiketi, yaani yule anayevaa glavu na kuchutama nyuma ya vijiti, kudaka kila mpira unaompita mpigaji. Mwaka 1903, msimu wake wa kwanza kamili, aliwatoa wapigaji 91, idadi ambayo hakuna mlinda wiketi aliyewahi kuifikia kabla yake.

Hata hivyo timu ya taifa ya Uingereza haikumpa nafasi ya kudumu. Katika ziara ya Australia ya 1911-12 alicheza mechi moja tu ya Test, kisha nafasi yake akapewa E. J. Smith wa Warwickshire, aliyezoea kudaka mipira ya kasi ya Frank Foster wa kaunti hiyo hiyo. Mwaka 1921 aliwekwa kando tena, safari hii kwa ajili ya George Brown wa Hampshire, aliyekuwa mpigaji bora kuliko yeye. Strudwick kwa kupiga hakuwa na kitu: wastani wake wa maisha ulikuwa mikimbio 11 hivi.

Hapo ndipo penye mgogoro wenyewe. Mikimbio ya mpigaji huhesabiwa yote. Ya mlinda wiketi huhesabiwa nusu nusu. Akidaka anaandikiwa, lakini mpira mgumu aliouzuia usifike mpakani hauandikwi popote. Mpigaji akikatwa akiwa mbioni, hilo halihesabiwi kati ya wapigaji aliowatoa mlinda wiketi, hata kama ni yeye aliyeangusha vijiti. Strudwick alikuwa akivua glavu na kuukimbiza mpira mwenyewe hadi mpakani. Safu ya jasho hilo katika daftari haipo.

Wamarekani kwenye besiboli humpima mdakaji kwa kumlinganisha na wastani wa ligi nzima. Tukijaribu kipimo cha namna hiyo, Strudwick aliyestaafu mwaka 1927 akiwa ametoa karibu wapigaji 1,500, rekodi ya dunia wakati huo, anapata kama 2.2 kwa mechi. John Murray wa Middlesex, aliyevunja rekodi hiyo mwaka 1975, anapata 2.4. Bob Taylor wa Derbyshire, aliyefikisha 1,649, anapata kama 2.6. Je, Strudwick alikuwa dhaifu kuliko wenzake? Hapana. Mlinda wiketi hudaka kile anacholetewa na warusha mpira wake, na uwanja wa The Oval miaka ya 1920 ulisifika kwa kuwapendelea wapigaji. Wastani humpima mtu pamoja na uwanja wake na wenzake.

Wakenya wanalielewa hili. Mwaka 1996 kule Pune, katika Kombe la Dunia, Tariq Iqbal alimdaka Brian Lara, na Kenya ikaifunga West Indies. Daftarini ni mpira mmoja uliodakwa, sawa na mwingine wowote.

Mwishowe wateuzi walimrudia Strudwick. Agosti 1926, akiwa na miaka 46, alisimama nyuma ya vijiti pale pale The Oval, na Uingereza ikatwaa tena kombe la Ashes baada ya kushindwa na Australia mara tatu mfululizo. Hiyo ilikuwa Test yake ya mwisho.

Kuanzia 1928 hadi 1958 aliitumikia Surrey akiwa mwandishi wa matokeo. Mtu aliyepunjwa na hesabu akakabidhiwa kalamu yenyewe, miaka 30. Alikuwapo Surrey ilipotwaa ubingwa mara saba mfululizo, 1952 hadi 1958.

Strudwick alifariki Februari 1970, akiwa na miaka 90. Takwimu zake zimepitwa. Ila kabla ya kumhukumu mchezaji, mfanyakazi au kiongozi yeyote kwa namba, tuulize kwanza: ni kipi ambacho daftari halina safu yake?