Pierre Romain-Desfossés, Mwalimu wa Wachoraji

Mji wa Lubumbashi zamani uliitwa Elisabethville. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mzee mmoja Mfaransa alikuja kukaa humo. Jina lake Pierre Romain-Desfossés. Alizaliwa mwaka 1887 huko Brest, mji wa pwani ya Ufaransa. Alikuwa afisa wa jeshi, tena mchoraji.

Mwaka 1946 alifungua mahali pa kazi kwa vijana wenye kupenda kuchora. Paliitwa Le Hangar, maana yake banda. Yeye hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwataka wachore vitu vya nchi yao, jinsi walivyoviona na kuvikumbuka wenyewe.

Bela alikuwa mtumishi wake, mtu wa kabila la Sara kutoka nchi ya Chadi. Naye alianza kuchora, lakini hakutumia brashi. Alichovya ncha za vidole katika rangi, akagusa karatasi mara nyingi, mpaka miti na wanyama wakatokea.

Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alichora samaki, nyoka, ndege wanaolisha makinda, na wadudu katikati ya majani na maua. Nyuma yao alijaza nukta ndogo ndogo. Mwenze Kibwanga alifanya vingine. Alitumia mistari mifupi iliyokaribiana. Basi, ukiweka picha zao tatu pamoja, utajua kila moja ni ya nani, hata usiposoma jina.

Kazi ya mwalimu huyo haikuwa nyepesi. Mwalimu mchoraji huona upesi mahali ambapo yeye angalichora vingine. Akisahihisha kila alama, picha zote zitafanana na zake, na mkono wa mwanafunzi utapotea. Romain-Desfossés aliuzuia mkono wake. Bela akabaki na vidole vyake, Pilipili na nukta zake, Mwenze na mistari yake.

Mwaka 1954 mwalimu alikufa, na kazi ya banda ikakoma. Kama wanafunzi wangalizoea kumwiga yeye tu, uchoraji wao ungalikwisha siku ile. Lakini haukwisha. Pilipili na Mwenze walikwenda kufundisha katika shule ya sanaa iliyoanzishwa mjini humo na Mbelgiji Laurent Moonens mwaka 1951. Pilipili aliishi mpaka mwaka 2007. Picha za wanafunzi wa banda zimehifadhiwa hata katika jumba la makumbusho la Tervuren, huko Ubelgiji.

Mwalimu mwema hafurahi kwa sababu wanafunzi wanafanana naye. Hufurahi wanapoweza kufanya kazi yeye asipokuwapo. Nawe, ukimwona panzi juu ya ua, mtazame kwanza: miguu yake, mabawa yake, rangi ya tumbo lake. Kisha mchore. Usiangalie karatasi ya jirani.