Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kwaya

Sisi tukaao Magogoni na Kariakoo twausikia wimbo wa Taifa tangu utoto. Maneno yake twayajua sana, lakini ni wachache wajuao habari za mtu aliyeitunga sauti yake. Basi twapenda kuwapasha habari zake kwa ufupi.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika ya Kusini, naye alikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu katika chuo cha misioni cha Lovedale, kisha akapelekwa Nancefield, karibu na Johannesburg, kufundisha katika shule ya Wamethodisti. Huko akawa mwalimu wa kwaya, na tena mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, wakapata mtoto wa kiume.

Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, maneno na sauti pia, akaziandika kwa mkono katika daftari. Mwaka 1897 akatunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ndiyo sala ya kuliombea bara letu baraka. Mwaka 1899 uliimbwa mbele ya watu katika ibada ya kumbariki mchungaji. Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 32 hivi.

Lakini wimbo haukuzikwa pamoja naye. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na mchungaji John Dube, iliuimba huku na huku. Januari 8, 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongeza beti saba. Hata Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, sauti ile ile ikawa ya wimbo wetu wa Taifa, kwa maneno ya Kiswahili.

Bali mtunzi mwenyewe alisahauliwa. Kaburi lake huko Braamfontein halikujulikana mahali pake kwa miaka mingi, hata likafanywa ukumbusho wa taifa Septemba 24, 1996. Na lile daftari waliliazima walimu wenziwe wa kwaya, likapita mkono kwa mkono, mwisho likapotea.

Jambo hili latupasa kulitafakari. Katika sharika zetu wako walimu wa kwaya watungao nyimbo njema, nazo zakaa vichwani mwao tu, au katika daftari moja. Na ziandikwe pamoja na jina la mtunzi, na nakala iwekwe ofisini mwa usharika, ili mwalimu akifariki, kazi yake isipotee.