Baruch Blumberg: alitafuta urithi katika damu, akakuta virusi vya ini

Mtoto wa Manguredjipa, sawa na yule wa Butembo ao Beni, anapaswa kuchomwa chanjo ya pentavalente akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kati ya magonjwa 5 yanayozuiwa na chanjo hiyo kuna homa ya ini aina ya B. Aliyefungua njia ya kinga hiyo ni daktari Baruch Blumberg wa Marekani, naye alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Alizaliwa New York tarehe 28 Julai 1925. Akiwa mwanafunzi wa udaktari alitumikia Moengo, mji wa machimbo ya boksiti huko Suriname, Amerika ya Kusini. Wakaaji wake walikuwa wa asili mbalimbali. Mbu walikuwa wale wale, lakini matende, ugonjwa wa kuvimba miguu, haukuwashika wote sawa. Blumberg akajiuliza kama sababu iko katika damu ambayo mtu anarithi kwa wazazi.

Huko Oxford, Uingereza, alikutana na Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1954 Allison alikuwa ameonyesha, kwa uchunguzi uliofanyika Afrika Mashariki, kwamba mwenye AS, yaani aliyerithi drepanositozi kwa mzazi mmoja tu, ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Wawili hao wakaanza kutafuta tofauti zingine za urithi katika proteini za damu.

Walitumia damu ya wagonjwa walioongezewa damu mara nyingi, kwa kuwa miili yao hutengeneza kinga dhidi ya proteini ngeni. Mwaka 1961 walitangaza tofauti moja inayorithiwa kweli. Kwa hiyo mwaka 1963, damu ya mgonjwa wa himofilia ilipoitikia ile ya mwenyeji wa asili wa Australia, Blumberg alidhani amepata nyingine. Iliitwa antijeni ya Australia, na ilionekana hata kufuata familia.

Mwaka 1966 mambo yakageuka. Mgonjwa mmoja aliyekuwa amepimwa bila kukutwa nayo, sasa akawa nayo, na ini lake likaugua. Kitu cha kurithi hakiingii mwilini ukubwani. Mwaka uliofuata fundi wa maabara yake aliugua, akajipima mwenyewe, akaikuta. Ile antijeni ilikuwa ganda la virusi.

Ilifuata familia kwa sababu mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Hilo si jambo dogo mahali ambapo ndugu wawili wakifa kwa ini, watu huanza kusema juu ya laana ya ukoo ao sumu.

Mwaka 1969 Blumberg na Irving Millman waliomba hati ya chanjo iliyotokana na maganda hayo, yaliyosafishwa kutoka damu ya walioambukizwa. Marekani iliruhusu chanjo ya kwanza mwaka 1981. Tangu 1986 kuna inayotengenezwa kwa hamira, bila damu ya mtu. Nobeli aliipata mwaka 1976, pamoja na Carleton Gajdusek.

Alifariki California tarehe 5 Aprili 2011, akiwa na miaka 85, muda mfupi baada ya kutoa hotuba.