John Boyd Dunlop, munganga wa nyama aliyefungia hewa ndani ya mupira

Kwenye barabara ya taifa namba 3, ile inayotoka Kisangani, inapita hapa Lubutu na kuendelea kuelekea Walikale na Bukavu, shofere anaulizwa vitu viwili mbele ya kutoka: mota iko sawa? Na mipira iko namna gani? Mota ikizimika, fundi atatafutwa. Lakini mupira ukipasuka katikati ya pori, na ule wa akiba nao umekwisha, mzigo utalala hapo hapo, mvua ikinyesha juu yake.

Jina Dunlop tunalisoma kwenye ubavu wa mipira tangu wakati wa wazee wetu. Wengi wanafikiri ni jina la kiwanda tu. Kumbe kabla ya kuwa kiwanda, Dunlop alikuwa mtu. Hakuwa fundi wa magari wala mkimbiaji wa mashindano. Alikuwa munganga wa nyama, mtu mpole mwenye ndevu ndefu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kutibu farasi.

Mtoto wa wakulima

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, kule Scotland, kwenye familia ya wakulima. Nyumbani walimwambia kwamba alizaliwa miezi miwili mbele ya wakati wake. Basi akakua akiamini kwamba mwili wake ni dhaifu, na maisha yake yote alijichunga: hakutaka haraka, hakutaka kuchoka bure. Ajabu ni kwamba huyo mtu aliyeogopa kuchoka ndiye aliyekuja kuwapatia wengine mbio.

Alisoma kazi ya kutibu nyama mjini Edinburgh, akapata diploma yake akiwa na miaka 19 tu. Mwaka 1867 alivuka bahari kwenda Ireland. Pamoja na ndugu yake James alifungua nyumba ya kutibia nyama katika mji wa Downpatrick. Baadaye alihamia Belfast, mji mkubwa wa viwanda na bandari, na kazi yake pale ikawa kati ya zile kubwa kabisa za namna hiyo katika Ireland nzima.

Wakati ule mizigo yote ya mji ilivutwa na farasi. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe yaliyopangwa, na magurudumu yalikuwa ya mbao yaliyofungwa chuma, au ya mpira mgumu usio na kitu ndani. Yalipiga kelele, yalitikisa mtu mpaka mifupa, tena yaliwachosha farasi. Munganga huyu aliona kila siku miguu ya nyama iliyoharibika. Na mpira aliujua vizuri, juu alikuwa akitengeneza mwenyewe vyombo vya kazi yake kwa mpira.

Kinga ya mtoto

Dunlop alikuwa na mtoto mwanamume mwenye umri wa karibu miaka 10, jina lake Johnnie. Mtoto huyo alikuwa na kinga ndogo ya magurudumu matatu, na alilalamika kwamba inamtikisa sana juu ya yale mawe. Mwisho wa mwaka 1887 baba akaanza kufikiri: kama kitu kigumu kinapiga kitu kigumu, kwa nini tusiweke katikati kitu laini? Na kitu gani laini kupita hewa?

Alichukua ubao wa duara, upana wake karibu sentimita 96. Akaufunga pembeni bomba la mpira mwembamba, akafunika kwa kitambaa kilichopigiwa misumari, halafu akajaza hewa kwa pompi ya kujazia balo. Kisha akafanya jaribio ambalo hata mtoto wa shule hapa Lubutu anaweza kulielewa. Akashika gurudumu la chuma la ile kinga, akalisukuma lijiviringe ndani ya lupango. Lilikwenda kidogo, likaanguka. Akasukuma ule ubao wenye hewa kwa nguvu ile ile. Ukaviringika mpaka mwisho wa lupango, ukagonga nguzo ya mlango na kurudi nyuma.

Pale ndipo kila kitu kilianzia. Dunlop alikuwa akitafuta starehe ya mtoto yake, akakuta kitu kingine: gurudumu lenye hewa linapoteza nguvu kidogo tu. Linameza mawe, wala haliruki juu yake. Kwa hiyo linakwenda mbali zaidi kwa jasho lile lile. Usiku wa tarehe 28 Februari 1888 kinga ya Johnnie ilijaribiwa na mipira mipya kwenye magurudumu ya nyuma. Tarehe 23 Julai mwaka huo Dunlop aliomba hati ya ugunduzi, na mwezi wa Desemba akaipata.

Watu walicheka, halafu wakanyamaza

Mipira ile ilikuwa minene, tena ya sura mbaya. Kinga za mashindano wakati ule zilikuwa na mpira mwembamba kama kidole, na watu walifikiri kwamba wembamba ndiyo mbio. Tarehe 18 Mei 1889, kwenye michezo ya Queen's College mjini Belfast, mkimbiaji mmoja jina lake Willie Hume alikuja na kinga yenye mipira ya Dunlop. Watazamaji walicheka. Hume hakuwa bingwa mkubwa, lakini siku ile alishinda mashindano yote manne aliyoingia. Akavuka kwenda Liverpool, kule nako akashinda karibu yote.

Kati ya walioshindwa walikuwamo vijana wa tajiri mmoja wa Dublin, Harvey du Cros, aliyekuwa mkubwa wa chama cha wapanda kinga cha Ireland. Du Cros hakukasirika. Alitazama ile mipira, akaona pesa. Mwaka huo huo wa 1889 kampuni iliundwa Dublin, na Dunlop akaingia ndani yake.

Tangu siku ile mpaka leo, uwanja wa mashindano ndio shule ya mipira. Mtu anayeendesha gari ya mbio kwenye uwanja, akizunguka na kuzunguka, anaona kwa nusu saa makosa ambayo barabara ya kawaida inayaonyesha kwa miezi. Na somo la kwanza la uwanja ni hili: mupira laini unashika barabara vizuri lakini unaisha haraka, mupira mgumu unadumu lakini unateleza. Hakuna mupira unaokupa vyote viwili kwa ukamilifu. Kila anayechagua, anachagua atapoteza kipi.

Hati iliyopotea

Furaha ya Dunlop haikudumu. Karibu miaka miwili baada ya kupata hati yake, aliambiwa kwamba haina nguvu. Mbele yake kulikuwa mtu mwingine wa Scotland, Robert William Thomson, aliyeandikisha wazo lile lile tangu mwaka 1845. Mipira ya Thomson ilikuwa ya mpira ndani na ngozi nje, na ilijaribiwa kwenye magari ya farasi mjini London. Lakini ilikuja mapema mno. Kinga ya watu wengi ilikuwa haijapatikana, gari ya mota haikuwepo, na mpira ulikuwa ghali. Thomson alikufa mwaka 1873, na wazo lake likasahaulika. Dunlop hakumwibia, hakujua habari zake.

Kampuni iliokoka juu ilikuwa na hati zingine, hasa za namna ya kufunga mupira kwenye rimu kwa waya. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Mupira wa kwanza wa Dunlop ulibandikwa kwa gundi. Ukitoboka, ni kazi ya saa nyingi, na si kila mtu aliiweza. Kule Ufaransa, ndugu wawili André na Édouard Michelin walitengeneza mupira unaovuliwa, na mwaka 1891 Charles Terront alishinda nao safari ya Paris–Brest–Paris. Mwaka 1895 ndugu hao waliweka mipira ya hewa kwenye gari ya mota katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris. Ilitoboka mara nyingi sana njiani, lakini gari ilifika. Kila kwado anayekaa leo pembeni ya barabara na pompi yake, viraka vyake na beseni la maji, kazi yake ilizaliwa miaka ile.

Dunlop mwenyewe hakupenda vita vya biashara. Mwaka 1895 alijitoa katika kampuni. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa kwa paundi milioni 3, na aliyeinunua akaiuza tena kwa watu wa soko kwa paundi milioni 5. Sehemu kubwa ya utajiri huo haikumfikia mtu ambaye jina lake liliandikwa juu ya mipira.

Deni lililolipwa kwetu

Maisha haya yana upande mwingine, na sisi watu wa msitu hatuwezi kuyasimulia bila kuusema. Mipira ya kinga na ya magari ilihitaji mpira mbichi, na wakati ule mashamba ya Asia yalikuwa bado hayajatoa kitu cha kutosha. Mpira ulikuwa porini: Amazonia, na huku kwetu, ndani ya mti wa kamba unaopanda juu ya miti mingine. Mwaka 1890 nchi ya Leopold II ilitoa tani zaidi ya 100 kidogo. Mwaka 1901 ilitoa karibu tani 6.000. Hesabu hiyo haikupanda kwa bei nzuri. Ilipanda kwa fimbo, kwa bunduki, kwa wanawake waliofungwa mpaka mabwana zao walete kilo walizodaiwa, na kwa mikono iliyokatwa. Konsuli Roger Casement, mzaliwa wa Ireland kule kule Dunlop alikoishi, aliandika ripoti juu ya mambo hayo, ikatoka mwaka 1904. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji koloni yake.

Dunlop hakuja Kongo wala hakumpiga mtu. Alitaka mtoto yake asitikiswe. Lakini kitu kizuri kikitakiwa na dunia nzima kwa mara moja, mtu mmoja mahali fulani analipa bei isiyoandikwa dukani.

Na Lubutu ililipa tena. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na Singapore, na washirika wa vita wakakosa mpira wa Asia. Leta ya Ubelgiji ikaongeza kazi ya lazima ya wanakijiji kutoka siku 60 mpaka siku 120 kwa mwaka, na watu wakatumwa tena porini kutafuta mpira. Uchungu huo, pamoja na kodi, barabara na migodi, ulikuwa kati ya mambo yaliyowasha moto wa mwaka 1944. Kati ya Januari na Mei mwaka ule Wakumu wa Lubutu na Masisi waliinuka, wakiongozwa na Bushiri Lungundu, mtu wa Kitawala. Jeshi la Force Publique liliwazima kwa nguvu. Dunlop wakati huo alikuwa amelala kaburini miaka 22 na zaidi.

Mwisho wa mzee

Mzee huyo aliishi miaka yake ya mwisho Dublin kwa utulivu, akiwa na hisa katika duka la vitambaa. Yule aliyeamini kwamba mwili wake ni dhaifu alifika miaka 81 karibu bila ugonjwa mkubwa. Mwezi wa Oktoba 1921 alishikwa na baridi, na tarehe 23 akafa ghafla. Alizikwa katika makaburi ya Deans Grange. Baadaye sura yake, pamoja na ndevu zake, iliwekwa kwenye noti ya paundi 10 ya benki moja ya Ireland ya Kaskazini. Na kule Le Mans, Ufaransa, magari ya mbio yanapita chini ya daraja lenye umbo la mupira, lenye jina lake.

Mupira wa leo si ule wa Belfast. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi walianza kuchanganya masizi meusi ndani ya mpira, ukadumu mara nyingi kupita ule wa zamani uliokuwa mweupe-mweupe. Lakini fundisho la ule ubao ndani ya lupango liko pale pale: kinachobeba gari ni hewa, mpira unaishikilia tu. Kwa hiyo mwenye kununua mipira ya okazyo asitazame meno peke yake. Atafute ubavuni namba nne ndani ya duara ndogo: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mupira uliokaa dukani miaka 10 unaweza kuwa na meno mazuri na huku umekauka ndani. Aangalie nyufa. Kisha ajaze hewa ile inayotakiwa, na kuipima asubuhi mupira ukiwa baridi. Hewa ikipungua, ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata moto, na unakufa mbele ya meno kuisha. Mzigo ukizidi, ni vile vile.

Munganga wa nyama alijua kwamba farasi hafi kwa mbio. Anakufa kwa mzigo uliozidi na mguu usiotunzwa. Mupira nao unatunzwa hivyo hivyo.