Pierre Millardet na Dawa ya Mizabibu

Pierre Millardet alizaliwa mwezi wa Desemba, mwaka 1838, katika kijiji cha Montmirey-la-Ville, jimbo la Jura, nchi ya Ufaransa. Alipokuwa kijana alikwenda Ujerumani akajifunza elimu ya mimea katika miji ya Heidelberg na Freiburg. Mmoja wa walimu wake alikuwa Anton de Bary, mtu aliyejua habari za ukungu wa mimea kupita watu wote wa zamani zake.

Siku zile watu wa Ulaya walikuwa hawajasahau njaa ya Ireland. Mwaka 1845 viazi vya nchi ile vilishikwa na ugonjwa, majani yakawa meusi, na viazi vyenyewe vikaoza ardhini. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata, na wengine wengi wakaihama nchi yao. Wenye elimu wengi walidhani kwamba kiazi huoza kwanza kwa sababu ya mvua na baridi, kisha ukungu huota juu ya uozo. Lakini mwaka 1861 de Bary alionyesha kwamba sivyo: ukungu ndio unaotangulia, nao ndio unaoua mmea. Mbegu zake ni ndogo mno hata hazionekani ila kwa hadubini, nazo huogelea katika tone la umande juu ya jani, kisha huingia ndani. Basi Millardet alijifunza mambo hayo, akayaweka moyoni.

Aliporudi kwao akawa mwalimu wa chuo kikuu mjini Strasbourg. Baada ya vita, mwaka 1871, mji ule ulitwaliwa na Wajerumani, naye akahamia Nancy. Mwaka 1876 akafanywa mwalimu wa elimu ya mimea mjini Bordeaux, akakaa huko mpaka mwisho wa maisha yake.

Nchi ya Bordeaux ni nchi ya mizabibu. Tajiri na maskini hupata riziki yao kwa divai. Lakini wakati ule wakulima walikuwa katika taabu kubwa, kwa sababu mdudu mdogo kutoka Marekani alikuwa akila mizizi ya mizabibu na kuikausha. Millardet na wenzake waliona kwamba mizabibu ya Marekani humstahimili mdudu huyo. Kwa hiyo wakawafundisha watu kupandikiza vikonyo vya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani. Shauri lilikuwa jema, na mizabibu ikapona. Lakini pamoja na miche iliyoletwa kutoka ng'ambo ulikuja adui wa pili. Mwaka 1878 ukungu mpya ulionekana Ufaransa. Chini ya jani hutokea kitu cheupe kama unga, juu yake jani hugeuka manjano, kisha hukauka na kuanguka. Mzabibu usio na majani hauwezi kuivisha matunda yake, na divai yake huwa hafifu. Basi wakulima waliokwisha kuokoka mara moja wakaona kwamba wataangamia mara ya pili.

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1882, Millardet alikuwa akipita katika mashamba ya Saint-Julien, wilaya ya Médoc. Ukungu ulikuwa umemaliza kazi yake, mizabibu imebaki mitupu. Lakini kando ya njia aliona safu za mizabibu zenye majani mabichi kabisa. Akastaajabu, akasimama kuyatazama majani kwa karibu, akaona yana madoa ya rangi ya buluu. Mara akaenda kumwuliza msimamizi wa shamba, Bwana Ernest David. Akaambiwa kwamba si dawa ya ugonjwa hata kidogo. Wapita njia walikuwa na desturi ya kuchuma zabibu na kula, basi wenye mashamba hunyunyizia safu za kandokando mrututu uliochanganywa na chokaa, ili zabibu zionekane kama zimetiwa sumu na wezi waogope.

Watu wengi walikuwa wamepita njia ile wasifikiri neno. Millardet alifikiri. Tena alikuwa na jambo jingine lililomtatiza: alipojaribu kuziotesha mbegu za ukungu katika maji ya kisima chake, hazikuota. Maji hayo yalivutwa kwa bomba kuukuu la shaba, na mrututu nao ni chumvi ya shaba. Akaunganisha mambo hayo mawili, akaona ya kwamba shaba, hata ikiwa kidogo sana, huziua mbegu za ukungu.

Hata hivyo hakuharakisha kutangaza habari. Alimwita Bwana Ulysse Gayon, mwalimu wa kemia, wakapima dawa nyingi pamoja, na Bwana David akazijaribu katika shamba la Dauzac kwa miaka kadhaa. Mwaka 1885 Millardet aliandika habari zake ili kila mkulima azijue. Kilo 8 za mrututu huyeyushwa katika lita 100 za maji. Katika chombo kingine kilo 15 za chokaa isiyozimwa huchanganywa na lita 30 za maji mpaka iwe kama uji mwepesi, kisha humiminwa katika maji ya mrututu. Mrututu ukiwa peke yake una ukali, nao huunguza majani. Chokaa huuondoa ukali huo na kuifanya dawa ishike juu ya jani isioshwe upesi na mvua. Mfanyakazi alichukua ndoo kwa mkono mmoja na ufagio mdogo kwa mkono wa pili, akachovya na kunyunyiza.

Mwaka ule ule ugonjwa ulikuja kwa nguvu. Ilipofika Oktoba, mizabibu ya Dauzac iliyonyunyiziwa dawa ilikuwa na majani mabichi na zabibu zilizoiva, na ile isiyonyunyiziwa, iliyo jirani yake, ilikuwa mikavu. Kila aliyetazama aliona kwa macho yake. Watu wengine waliogopa kwamba divai itakuwa na sumu. Lakini Gayon aliipima akaona shaba iliyomo ni kidogo mno, kwa sababu karibu yote huzama katika machicha divai inapochachuka.

Dawa hiyo ikaitwa maji ya Bordeaux, ikaenea upesi. Wakulima wa viazi na nyanya nao wakaitumia, maana ukungu wa viazi ni ndugu wa ukungu wa mizabibu, na hushika nyanya vilevile. Hivyo ugonjwa ulioleta njaa Ireland ukapata kizuizi. Dawa za shaba zikafika hata Afrika ya Mashariki, katika mashamba ya kahawa na ya mboga.

Lakini dawa hii ina masharti yake. Haiponyi jani lililokwisha kuingiwa na ugonjwa. Hulinda tu lile lililo zima, kwa hiyo ni lazima inyunyizwe kabla ukungu haujaingia, na tena baada ya mvua nyingi. Haifai kutengenezwa katika chombo cha chuma, kwa kuwa mrututu hukila chuma. Tena shaba haiozi: ikinyunyizwa bila kipimo miaka mingi, hujilimbikiza katika udongo na kuwadhuru nyungunyungu, na ikiingia mtoni huua samaki. Mkulima mwenye akili hupima dawa yake, hujikinga mikono na macho, huosha mboga kabla ya kuzila, na hung'oa mimea iliyougua asiiache shambani.

Millardet alifundisha Bordeaux mpaka mwaka 1899, akafa huko mwezi wa Desemba, mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 64. Kuna waliodai kwamba wao ndio waliotangulia kuijua dawa. Lakini mrututu na chokaa vilikuwa mikononi mwa watu siku nyingi, na majani mabichi ya kando ya njia yalionwa na wengi. Yeye ndiye aliyesimama, akauliza, akajaribu kwa subira, kisha akawafundisha wakulima yote aliyoyajua.