Elie Metchnikoff, mtu aliyeona walinzi wa mwili

Elie Metchnikoff alizaliwa 1845 karibu na Kharkiv, inchi inayoitwa leo Ukraine. Hakuwa munganga, alisomea nyama wadogo wa bahari. Mwaka 1869 alioa Ludmila, aliyekuwa tayari na tibi, hata siku ya ndoa walimuingiza kanisani juu ya kiti. Alimpeleka inchi za joto apone, lakini 1873 bibi akafia kisiwa cha Madeira. Kwa uchungu, bwana akakunywa morfini naye afe. Alizidisha kipimo mpaka akaitapika, njo ikamuokoa.

Mwaka 1882 aliacha universite ya Odessa, akaenda Messina, Italia, pamoja na Olga, bibi yake wa pili. Siku moja jamaa walienda kutazama nyani za sirki. Yeye akabaki na mikroskopi. Alikuwa na watoto wa nyota ya bahari, ambao mwili wao unapitisha mwangaza kama kioo. Ndani aliona chembe zinatembea. Akawaza: kama hizi ni walinzi, zitakimbilia kidonda. Akawachoma na miiba ya roza. Asubuhi akakuta chembe zimezunguka mwiba. Zikaitwa fagositi, maana yake chembe zinazokula.

Wakubwa wengi wa Ujerumani walimkatalia: kwao kinga ilikuwa katika maji ya damu. Alishindana nao miaka mingi, na tangu 1888 alikuwa Institut Pasteur, Paris. Mwaka 1908 alipewa Nobel pamoja na Paul Ehrlich, mtu wa upande ule mwingine. Wote wawili walikuwa na haki. Alikufa 1916.

Yeye alitazama mwili wa kioo. Pafu la mtu si kioo. Kwa hiyo watafiti wa leo, kama wale wa Universite ya Michigan, Marekani, wanajenga kipande cha pafu ndani ya ordinatere. Kila chembe wanaipa masharti yake: kutembea, kumeza, kuita wenzake, kufa. Kiisha wanatia mikrobi ya tibi, wanaangalia chembe zikijenga ukuta kuizunguka. Wanaweza kuondoa kitu kimoja tu, kama ile dawa ya mwili inayoitwa TNF, waone kama ukuta utasimama ao utabomoka. Kwa mgonjwa hakuna anayeweza kujaribu hivyo.

Sisi watu wa mine habari hii inatugusa, juu fagositi inameza pia vumbi ya jiwe. Mikrobi inaweza kuyeyushwa; silika haiyeyuki, inaua ile chembe iliyoimeza. Mlinzi akikufa, tibi inapata njia. Njo maana mwenye silikozi anashikwa na tibi upesi kuliko wengine. Tunapodai maji kwenye mashini ya kutoboa, maske ya kweli na radio ya kifua, tunadai hawa walinzi waachwe hai.